Kusoma Chembe za Urithi Katika Tiba ya Saratani ya Taya

Mkulima wa pamba wa Chato aonapo shamba limeshambuliwa hakimbilii bomba la dawa. Hutazama kwanza kama ni vidukari au ni funza wa vitumba, kwa kuwa dawa inayomuua mdudu mmoja yaweza kumwacha mwingine mzima. Waganga wa saratani nao wamefikia hatua hiyo. Zamani uvimbe ulitajwa kwa mahali ulipoota tu. Siku hizi, palipo na vyombo, huulizwa pia ni kosa gani limetokea katika chembe zake za urithi, ambazo wengine huziita vinasaba.

Ugonjwa unaofaa kulieleza jambo hili hauko mbali. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika habari za uvimbe wa taya aliouona kwa watoto. Baadaye ilidhihirika kuwa huwapata zaidi watoto wa sehemu zenye malaria nyingi, na Kanda ya Ziwa ni mojawapo. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr walitangaza kuwa wameona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo. Karibu kila mtu katika Afrika Mashariki hukipata kirusi hicho, wengi wao utotoni, bila kuugua saratani. Peke yake hakitoshi. Ubaya hukamilika zinapovunjika kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba chembe za urithi. Kipande cha uzi wa 8 hukatika na mara nyingi huungana na uzi wa 14. Hapo chembe iitwayo MYC, ambayo huiamuru seli igawanyike, hujikuta jirani na sehemu iliyo kazini wakati wote. Amri haikomi tena, na seli za uvimbe zaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Wakati huo mtoto huenda anang'olewa jino lililolegea, au anapewa dawa za kifua kikuu kwa sababu ya tezi zilizovimba. Ili kupata ukweli hukatwa kipande cha nyama kitazamwe kwa darubini, lakini wataalamu wa kazi hiyo ni wachache na majibu yaweza kuchukua wiki kadhaa.

Katika miaka ya 2020 watafiti wa Muhimbili, wa hospitali ya Lacor iliyoko Gulu, Uganda, na wa Chuo Kikuu cha Oxford walijaribu kutumia damu. Seli za saratani zikifa humwaga vipande vya chembe za urithi katika damu, na vya kirusi vimo pia. Mashine huvisoma herufi kwa herufi (nazo herufi ni nne tu) na kuonyesha kama MYC imehama. Njia hii ni ya utafiti. Mzazi asikae nyumbani akiingojea.

Wala isidhaniwe kuwa kusoma huko huleta dawa mpya. Saiklofosfamaidi imetumika kutibu uvimbe huu tangu miaka ya 1960, na uvimbe huisikia sana. Faida ni kujua mapema nani apewe nini, maana ziko saratani za tezi zinazofanana na hii kwa sura lakini hutaka mchanganyiko mwingine. Katika saratani ya damu iitwayo CML mambo ni wazi zaidi: kidonge cha imatinib hulenga kosa linalotokana na kuungana kwa nyuzi za 9 na 22, na kosa hilo hupimwa kwanza.

Kutoka Chato, mgonjwa huandikiwa rufaa hadi Bugando, Mwanza. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limeondoa adha ya kungoja kivuko. Iliyobaki ni adha ya nauli. Baada ya dawa za awamu ya kwanza uvimbe mara nyingi hunywea upesi. Mzazi hudhani mtoto amepona, hasa pamba inapokuwa shambani inangoja kuchumwa, na harudi. Chama chenye mfuko wa kusaidiana chaweza kutenga nauli ya safari ya pili na ya tatu siku ile ile mtoto anapoandikiwa rufaa.