Bourbon ya bei nafuu: soma lebo, usiangalie umbo la chupa

Mimi sinywi, lakini nilisimama nyuma ya kaunta ya hoteli moja Pwani ya Kaskazini miaka 12. Siandiki kumshawishi yeyote aanze. Naandikia wanaonunua, kwa sababu swali nililoulizwa sana na vijana wa mtaani ni hili: "Ami, mfuko umetoboka, nichukue bourbon gani?"

Bourbon ni wiski ya Marekani, na nyingi hutoka jimbo la Kentucky. Sheria ya huko inataka mahindi yawe angalau asilimia 51 ya nafaka, na wiski ilazwe katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani. Hairuhusiwi kutiwa rangi wala ladha. Joto la kiangazi cha Kentucky huisukuma wiski ndani ya mbao, ndiyo maana bourbon ya miaka minne huwa imeshaiva. Basi usilipie uzee usiouhitaji.

Kwenye lebo tafuta neno "straight". Maana yake imekaa kwenye pipa si chini ya miaka miwili, na ikiwa haijafika minne, lazima umri uandikwe. Jim Beam ya lebo nyeupe ni ya aina hiyo. Ukiona "bottled in bond", ni bora zaidi: kwa sheria ya mwaka 1897, hiyo ni ya kiwanda kimoja na msimu mmoja, ina miaka isiyopungua minne, na nguvu yake ni asilimia 50. Lakini "small batch" halina maana yoyote kisheria. Usiliongezee hata shilingi.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Zamani niliwauzia waokota taka chupa tupu za baa, nikidhani najipatia nauli. Siku moja mteja aliniletea chupa aliyouziwa kichochoroni kwa nusu ya bei. Lebo ilikuwa halisi, kifuniko kimelegea, na ndani mlinuka spiriti. Nikajiuliza kama ile chupa haikupitia mikononi mwangu. Tangu siku hiyo sikuuza tena. Nilichana lebo na kuvunja chupa.

Pombe ya kughushi huweza kuwa na methanoli, inayopofusha na kuua. Kwa hivyo nunua duka lenye leseni, kagua kifuniko, na uisome stempu ya ushuru ya KRA kwa programu ya simu iitwayo Soma Label. Aliyekunywa akaanza kuona ukungu machoni, apelekwe hospitali papo hapo, asiambiwe alale.

Wazee walisema rahisi huvunja upishi. Nafuu ipo, lakini bourbon iliyovuka bahari na kulipiwa ushuru haiwezi kuuzwa kwa bei ya soda. Ukiambiwa hivyo, rudisha pesa zako mfukoni.