Maji ya Rejeta Yanapoondoka Bila Kuaga

Mwenye gari anayeishi Kizwite, Sumbawanga, ana mlima wa kupanda kila upande. Sumbawanga iko kwenye uwanda wa Ufipa, takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mashariki kuna Ziwa Rukwa, magharibi Ziwa Tanganyika, na yote mawili yako karibu na mita 800. Ukishuka Muze upande wa Rukwa au Kasanga upande wa Tanganyika, safari ya kurudi ni kupanda karibu kilomita nzima kwenda juu. Hapo ndipo rejeta inayovuja humuumbua mwenyewe.

Mwinuko wenyewe unazidisha hatari. Maji yanayochemka kwa nyuzi 100 Dar es Salaam, hapa huchemka kwa nyuzi 94 hivi, maana presha ya hewa ni ndogo. Kinachoiokoa injini ni mfuniko wa rejeta: hubana presha, na maji huweza kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Presha hiyo ikipata pa kutokea, gari huchemsha hata kama maji bado ni mengi. Ndiyo maana kuongeza maji kila asubuhi si matengenezo. Yatafute yanakokwenda.

Anza injini ikiwa baridi kabisa. Mfuniko ukifunguliwa ukiwa wa moto, maji na mvuke huruka na kumbabua aliye karibu. Jaza rejeta, weka alama kwenye tangi la akiba, tandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini, kisha liache gari lilale. Doa la kijani au la waridi ni kulanti, yaani maji ya rejeta yenye dawa. Doa jeusi lenye utelezi ni oili. Kulanti ina utamu lakini nyingi ni sumu, kwa hiyo futa iliyomwagika kabla mbwa au mtoto hajaionja.

Boksi likibaki kavu, usifurahi haraka. Kuna tundu linalovuja presha ikipanda tu, na tone hukaukia juu ya chuma cha moto. Chukua tochi utafute ukoko mweupe au wa kijani kwenye klipu za mipira, maungio ya rejeta na chini ya wotapampu, ambayo ina kitundu maalumu: kikivuja, sili imekwisha. Minya mipira: iliyopasuka au iliyolegea kama utumbo ibadilishwe. Kagua raba ya mfuniko. Gusa pia zulia la mbele: likilowa na vioo vikafanya ukungu wenye harufu tamu, rejeta ndogo ya hita inavuja.

Moshi mweupe huwadanganya wengi hapa. Asubuhi za baridi za Juni na Julai karibu kila eksozi hutoa mvuke, nao huisha injini ikipata joto. Usiokoma, huku maji yakipungua, unaelekeza kwenye gasketi ya hedi. Mapovu yasiyokatika ndani ya rejeta au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa huongeza uzito wa ushahidi. Hapo usiendeshe tena. Mwite fundi mwenye pampu ya kupimia presha.

Kama ni klipu, bisibisi inatosha. Kama maji yameshuka chini ya alama ya tangi na hujaona pa kulaumu, ahirisha safari ya bondeni. Kushuka hakupimi rejeta. Kupanda ndiko kunakoipima, na mlimani gharama ya mpira mmoja hugeuka gharama ya hedi nzima.