KABLA HUJAZIBA UFA, TAFUTA NJIA YA MAJI



Masika yanapokwisha, vijiji vingi vya Bagamoyo vinakuwa na kazi moja. Ukuta wa nyuma umetoa tumbo. Udongo wa chini umemomonyoka, fito zinaonekana kama mbavu za ng'ombe aliyekonda. Mwenye nyumba anakanda udongo, anakandika, anamaliza. Mwaka wa pili masika yanarudi. Ufa ni ule ule, na mahali ni pale pale. Basi anasema, "Nyumba ya udongo haidumu."

Je, ni kweli? Udongo ukiwa mkavu hudumu miaka mingi. Adui yake ni maji. Ukuta ulioloa waweza kuanguka usiku, watoto wamelala. Kwa hiyo kutengeneza nyumba si urembo tu, ni usalama wa watu waliomo. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunaongeza: ukiziba ufa bila kujua ulikotoka, utaziba tena mwakani.

Tazama kwanza

Siku ya mvua, zunguka nyumba yako, utazame. Maji huufikia ukuta kwa njia tatu.

Ya kwanza ni juu: makuti yameoza au bati limetoboka, maji yanateremka ndani ya ukuta. Ya pili ni kando: paa ni fupi, matone yanaanguka karibu na ukuta na kurusha matope. Ya tatu ni chini: uwanja umeinamia nyumba, maji yanasimama miguuni pa ukuta.

Halafu chunguza nguzo. Ukiona njia za udongo zinapanda mtini, huyo ni mchwa. Gonga nguzo karibu na ardhi. Ikilia kama kitu kitupu, imeliwa ndani.

Fuata mpango

Anza kazi kati ya Juni na Septemba, kabla ya mvua za vuli. Wakati huo udongo unapata nafasi ya kukauka.

1. Anza na paa. Badili makuti yaliyooza. Ukiezeka upya, paa lipite ukuta kwa sentimita 60 au zaidi.

2. Chimba mfereji wa kuondoa maji. Usiuchimbe penye mguu wa ukuta. Uwe nje ya mahali yanapoanguka matone, na uteremkie mbali na nyumba.

3. Badili nguzo mbovu moja moja. Kabla ya kuing'oa, tegemeza boriti ya juu kwa gogo imara. Usiondoe nguzo mbili pamoja. Kama ni nguzo ya pembeni, au ukuta umeinama, mwite fundi. Hapo si mahali pa kujaribu.

4. Ukuta ndio wa mwisho. Wengi wetu huanza nao kwa sababu ndio unaoonekana na wageni. Kumbe ndiyo sababu kazi inaharibika.

Na miti itoke wapi? Boriti za mikoko ni imara, lakini misitu ya mikoko ni hifadhi. Kukata bila kibali ni kosa. Uliza kwanza ofisi ya misitu.

Pima udongo wako

Udongo wa mfinyanzi ukizidi, ukuta hupasuka unapokauka. Mchanga ukizidi, ukuta humomonyoka. Utajuaje kipimo? Changanya mafungu matatu. La kwanza, kopo moja la udongo kwa kopo moja la mchanga. La pili, udongo moja kwa mchanga mbili. La tatu, udongo moja kwa mchanga tatu. Paka kila fungu mahali padogo ukutani, uache siku kadhaa likauke. Lisilopasuka wala kupukutika kwa kidole ndilo lako.

Usitumie mchanga wa ufukweni. Una chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Tena tukichota mchanga wa pwani, tunaialika bahari ije kwetu.

Shimo ulilochimba udongo lifukie. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu walikaa vikundi penye redio wakajifunza habari za malaria. Somo lile halijapitwa: maji yakisimama, mbu wanazaliana. Tusitengeneze ukuta huku tunafuga mbu uani.

Saruji si dawa ya kila ugonjwa

Wengine huuza mbuzi ili wapige lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo. Mwanzoni unapendeza. Lakini udongo hutanuka ukiloa na kunywea ukikauka, na saruji ni ngumu, haifuatani nao. Lipu inapasuka, maji yanaingia, nayo yakishaingia hayana pa kutokea. Mwishowe lipu inabanduka pamoja na udongo. Mbuzi amekwenda, na ukuta umekwenda.

Juu ya udongo paka chokaa. Chokaa huuacha unyevu utoke. Tena pwani yetu inaijua kazi hii tangu zamani. Nendeni Kaole, kusini ya mji wa Bagamoyo, mkaone magofu ya misikiti miwili na makaburi. Mji ule ulianza yapata karne ya 13. Wajenzi wake hawakuwa na saruji. Walitumia mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zao nyingine zimesimama hadi leo.

Chokaa iliyozimwa ikoroge na maji iwe nyepesi kama maziwa. Lowesha ukuta kidogo, upake mara tatu, kila mara ikauke kwanza. Chokaa ambayo haijazimwa ni hatari. Ikikutana na maji huchemka na kuunguza. Kinga macho na mikono, na watoto wakae mbali.

Nyumba moja kwa zamu

Kazi hii ni nzito kwa mtu mmoja. Watu watano wakisaidiana kwa zamu, nyumba moja kila juma, majuma matano nyumba tano zimekwisha.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Nyumbani kwako maji huufikia ukuta kwa njia ipi kati ya zile tatu?
2. Kwa nini ukuta utengenezwe mwisho?
3. Kijijini kwetu, ni nyumba ya nani inayohitaji kusaidiwa kabla ya mvua? Tuanze lini?