Boksi la guta linapiga kelele? Kaza bati kabla oda haijalowa

Wauzaji wa mtandaoni wa Kahama na Geita, hii yenu. Unapeleka oda machimboni Nyarugusu, ubavu wa boksi la alumini unacheza njia nzima. Hiyo si kelele tu. Bati likicheza sana linapasuka kwenye matundu ya riveti, mvua inaingia, mzigo unalowa, hela unarudisha wewe.

Bati nene linasaidia: unene ukiwa mara 2, ugumu unakuwa mara 8. Ila uzito nao mara 2, na bei inapanda. Anza na hivi:

1. Kunja kingo zote. Cheki bati la paa: jembamba, ila migongo ndiyo inalibeba.

2. Fundi apige mkunjo mwepesi wa X, kona hadi kona.

3. Kwa ndani, katikati ya ubavu, weka kipande cha alumini cha umbo la L. Tumia gundi ya bodi za magari na riveti za alumini. Usichomelee, bati jembamba linapinda kwa moto.

4. Fremu ni ya chuma? Ipake rangi, weka mpira katikati. Alumini ikigusana na chuma halafu maji yakaingia, alumini inalika.

Kabla hujamlipa fundi, bonyeza ubavu kwa kiganja. Ukibonyea na kuruka, kazi bado.