Pora na Tabia Yake

Katika mazungumzo ya leo twapenda kueleza habari za pora, yaani jogoo mchanga aliye karibu kukomaa. Nyumba nyingi hufuga kuku, lakini ni wachache wanaofikiri namna ya kumlea pora katika miezi yake ya ujeuri. Matokeo yake twayajua: watoto huogopa kutoka uani, na majike hunyonyoka manyoya mgongoni.

Yafaa kwanza tulijue umbile lake. Afikapo miezi 4 au 5, undu wake, yaani ile nyama nyekundu ya kichwani, huwa umekwisha kukua, naye hujaribu kuwika kwa sauti ya kukwaruza. Wakati huo mwili wake umeanza kupata nguvu za kiume, nazo humsukuma kupanda majike na kupigana na madume wenziwe. Hana kinyongo na mtu, wala hakuingiwa na pepo.

Tena kuku hawaishi ovyo, wana vyeo. Mtaalamu mmoja wa nchi ya Norwei, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyewachunguza kuku tangu utoto wake, alieleza jambo hili katika maandiko yake ya mwaka 1922. Aliona kwamba kila kuku anamjua yule awezaye kumdonoa, na yule ambaye yeye aweza kumdonoa bila kurudishiwa. Basi pora akuapo hutafuta cheo chake. Huanza kwa wadogo, kisha majike, kisha jogoo mkubwa, na pengine humjaribu hata mtu. Dalili yake ni kushusha bawa moja mpaka liguse chini, huku akienda upande upande. Akimchezea jike hivyo, ni posa. Akimchezea mtu, huenda ni vita.

Hapo watu wengi hufanya moja katika mambo mawili: hukimbia, au humpiga teke. Yote mawili hayafai. Ukikimbia, pora huona kwamba ameshinda, na kesho atarudi kwa ujasiri zaidi. Ukimpiga, hudhani kwamba umekubali kupigana naye kama jogoo mwenziwe. Wala watoto wasiachwe kumchokoza kwa vijiti, maana mchezo huo humfundisha kuwa mtu ni adui.

Lifaalo ni hili. Simama imara, usirudi nyuma wala usirushe mikono, mpaka yeye mwenyewe ageuke aende zake. Akikurukia, mkamate kwa utaratibu, ubane mabawa yake, umpakate kwapani mpaka atulie kabisa. Ndipo umweke chini polepole. Fanya hivyo kila mara, kwa muda wa majuma kadhaa, bila hasira. Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi. Lakini mtoto mdogo asitumwe peke yake kuokota mayai penye jogoo mkali. Uso wake u karibu na miguu ya jogoo, na kipi, ule mwiba wa mguuni, chaweza kumtoboa jicho.

Jambo jingine ni hesabu. Jogoo 1 hutosha majike 8 mpaka 12. Mapora 3 wakiwa na majike 5 tu, vita havitakoma, na majike watapandwa mno hata migongo yao ipate vidonda. Wako wadhanio kwamba jike hatagi pasipo jogoo. Sivyo, hutaga vile vile, ila mayai yake hayaangui vifaranga. Tena mayai hayo huchelewa kuharibika wakati wa joto, kwa kuwa hayana mbegu ya kuanza kukua ndani. Basi mapora waliozidi na watengwe mapema, wanenepeshwe, wauzwe au waliwe.

Sasa swali ni hili: yupi aachwe? Hapa ndipo wengi wetu hupata hasara bila kujua. Mgeni akija ghafula, hukamatwa nani? Hukamatwa yule mpole, kwa kuwa hana mbio wala hapigani. Yule mkali hupona, naye ndiye azaaye. Ukali hurithiwa kama rangi ya manyoya. Tazameni kuchi, kuku warefu wa miguu na shingo: watu waliopenda kuwapiganisha majogoo waliwachagua kwa ukali wao, vizazi kwa vizazi, na ukali huo ukadumu. Ikiwa uchaguzi waweza kuleta ukali, waweza pia kuleta upole.

Lakini tusichanganye upole na uzembe. Jogoo mwema aonapo chakula huwaita majike wale. Amwonapo mwewe hutoa mlio wa kuonya, na kwa mnyama ajaye chini hutoa mlio mwingine. Mtafute pora mwenye macho ya namna hiyo, mwenye afya na mwili mzuri, asiyewatesa majike wala kuwarukia watu. Mtie alama ya uzi mguuni, na nyumba nzima ijue kwamba huyo si wa chungu.

Baada ya mwaka hivi, mbadilishane na jirani wa mbali, ili jogoo asiwapande binti zake. Jogoo mgeni akae peke yake majuma 2 kwanza, asije akaleta mdondo.

Ninyi wanafunzi, anzeni kazi hii nyumbani. Watazameni mapora kwa juma 1 wakati wa kula, mwandike ni nani aitaye wenziwe na ni nani awafukuzaye. Kisha wasomeeni wazazi wenu mliyoyaandika, kabla mgeni hajapiga hodi. Kila kifaranga hupata nusu ya asili yake kwa baba. Kwa hiyo amchaguaye jogoo mmoja amechagua nusu ya kundi lake lijalo.