Bastola ya kima cha chini

Kabati lilikuwa la kioo, na upande wake mmoja zilipangwa pete za ndoa. Ndivyo yalivyo maduka ya rehani katika jimbo la Ohio: pete, magitaa, keekee za umeme, bastola, kila kitu kililetwa na mtu aliyekwama kodi ya nyumba. Rafiki yangu, Mkongomani wa Bukavu anayefanya zamu ya usiku kwenye ghala la mizigo na kurudi kwake saa kumi alfajiri kwa miguu, aliomba aonyeshwe ile ya bei ya chini kuliko zote. Muuzaji akatoa pande jeusi, akalilaza juu ya kitambaa. Hi-Point C9, mtumba, dola 160.

Rafiki yangu akaipima kiganjani. “Yaya,” yaani mkubwa wangu, “iko nzito sawa jiwe.”

Ni nzito kwa sababu ni rahisi. Bastola nyingi za milimita 9 zina ufundi wa kuubana mtutu na sehemu ya juu ya bastola kwa kitambo kidogo mno, mpaka nguvu ya baruti ipungue. Hii haina ufundi huo. Kinachoizuia ile sehemu ya juu isiruke nyuma kwa kasi ni uzito wake wenyewe pamoja na springi. Kwa hiyo inapita gramu 800 kabla hujatia risasi, na risasi zenyewe ni 8 tu kwenye magazini. Mtutu ni wa chuma, lakini lile pande la juu humiminwa kwa aloi ya zinki, madini yaleyale yanayotengenezewa vigari vya kuchezea watoto. Ikiwa mpya huuzwa kwa kama dola 200, wakati Glock haipatikani chini ya mara mbili ya hapo. Ikiharibika, kiwanda chake kilichoko Mansfield, humohumo Ohio, huitengeneza bure, hata kama wewe ni mnunuzi wa nne. Wenye bastola za gharama huicheka sana. Kiwanda nacho kimejifunza kucheka: mwaka 2019 kiliwaachia watu wachague jina la bastola mpya, wakachagua jina la utani, Yeet Cannon, na kikalikubali.

Kicheko hicho kina historia ndefu, na si ya kuchekesha.

Mwaka 1879 bunge la jimbo la Tennessee lilipiga marufuku uuzaji wa bastola zote isipokuwa zile kubwa za aina iliyotumiwa na jeshi la nchi kavu na la majini. Ukiisoma sheria hiyo juujuu, unaona watu wanaotaka amani. Ila bastola za kijeshi zilikuwa ghali, na waliokuwa nazo tayari walikuwa maaskari wa zamani, wengi wao wazungu waliopigania upande wa Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Zilizokatazwa ni zile ndogo za bei poa, ambazo mtu aliyetoka utumwani miaka 14 nyuma angeweza kuzimudu. Sheria haikumtaja Mweusi. Haikuwa na haja; bei ilimtaja.

Karibu karne moja baadaye neno lililovuma lilikuwa “bastola ya Jumamosi usiku”, yaani kibastola cha mlevi wa mtaa wa maskini. Sheria ya mwaka 1968, iliyopitishwa baada ya kuuawa Martin Luther King na Robert Kennedy, ilizuia vibastola hivyo visiingizwe kutoka nje. Robert Sherrill, mwandishi ambaye mwenyewe hakuwa na mapenzi na bunduki, aliandika mwaka 1973 kwamba sheria ile ililenga kuwadhibiti watu Weusi kuliko bunduki. Na huyohuyo King, nyumba yake ilipolipuliwa kwa bomu kule Montgomery mwaka 1956, aliomba kibali cha kubeba silaha. Alinyimwa.

Marufuku ya 1968 ilikuwa na tundu: bastola nzima haikuruhusiwa kuingia, vipuri viliruhusiwa. Kampuni ya Röhm ya Ujerumani ikawa inaunganishia vyake Miami. Kibastola kimoja cha namna hiyo, ambacho bei yake haikufika dola 50, kilinunuliwa katika duka la rehani mjini Dallas, na tarehe 30 Machi 1981 kikampiga Rais Ronald Reagan. Kusini mwa California nako vikazuka viwanda vingi vya vibastola vya zinki, hata daktari Garen Wintemute, aliyekuwa akiwapokea majeruhi, akaviandikia ripoti mwaka 1994. Majimbo kama Illinois na South Carolina nayo yalikuwa na kipimo cha ajabu: bastola isiuzwe ikiwa chuma chake kinayeyuka chini ya nyuzi 800 za Fahrenheit. Silaha ikawa inapimwa kama sufuria.

Hapo ndipo wanaomtetea maskini hupenda kuishia. Mimi siwezi, kwa sababu bei ikiwa rahisi kuna kitu kilichokatwa ili ishuke. Mwaka 1994 mtoto wa miaka 7 huko California alipigwa risasi ya kidevuni na kupooza kuanzia shingoni, mtu mzima akijaribu kuitoa risasi kwenye bastola ya kampuni ya Bryco. Bastola ile ilikuwa haiwezi kufunguliwa mpaka kwanza uondoe kizuizi cha usalama. Baraza la mahakama liliibebesha kampuni na mmiliki wake sehemu ya lawama mwaka 2003, kampuni ikafilisika, mali zikapigwa mnada. Yule kijana, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, alichangisha fedha ili azinunue mali hizo na kuziyeyusha bastola zilizokuwamo. Akazidiwa na msimamizi wa zamani wa kiwanda hichohicho, ambaye aliendelea kutengeneza bastola zilezile kwa jina lake.

Siku hizi bei imehamia kwenye makaratasi. Katika jiji la New York ada ya leseni ya bastola imekuwa dola 340, mbali na ada ya alama za vidole, yaani leseni imepita bei ya Hi-Point yenyewe. Kesi ya leseni za New York ilipofika Mahakama ya Juu na kuamuliwa mwaka 2022, miongoni mwa waliowaunga mkono wenye bunduki walikuwamo mawakili wanaowatetea maskini wa Bronx na Brooklyn. Walisema wateja wao wanafungwa kwa kosa ambalo mwenye pesa analilipia dirishani. Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam hataona ajabu. Kwetu bastola halali ni ya mwenye nacho, na mlinzi anayemlinda mwenye nacho ana rungu.

Ohio haidai leseni ya kununua. Kuna fomu ya serikali kuu na ukaguzi wa FBI, na rafiki yangu, mwenye kadi ya ukaaji wa kudumu, angepita. Angekuwa mwanafunzi mwenye viza, angekataliwa, labda awe na kibali cha uwindaji, kichekesho kingine cha sheria zao.

Kilichomsimamisha ni hesabu. Boksi la risasi 50, dola 15, na zitaisha siku moja ya mazoezi. Uwanja wa shabaha unatoza kwa saa. Kasha la kufungia, dola 40, na hilo halina mjadala: ana watoto watatu katika vyumba viwili. Nilimweleza utafiti wa mwaka 1993 uliochapishwa na jarida la tiba la New England, ulioona kwamba kuwa na bunduki nyumbani kuliendana na hatari ya mtu kuuawa humo iliyo kubwa karibu mara tatu, na muuaji mara nyingi akawa ndugu au mtu anayefahamika. Nikamwambia pia kwamba zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa risasi Marekani hujiua wenyewe. Alinisikiliza kwa adabu.

“Yaya,” akaniuliza, “wewe unarudi nyumbani saa ngapi?”

Narudi saa kumi na moja jioni, kwa gari.

Akamgeukia muuzaji, akauliza kama anaweza kulipa kidogo kidogo. Inawezekana, fomu ataijaza siku atakayomaliza. Akatoa noti ya dola 20, akapewa risiti. Bastola ikarudishwa kabatini, jirani na pete, ikiwa imefungiwa kikaratasi chenye jina lake.