Buluu ya Jana Si Buluu ya Leo

Fungua sanduku la umeme la nyumba kubwa ya Diani iliyojengwa miaka ya 1980 na kuongezewa vyumba vya wageni hivi karibuni. Upande wa zamani nyaya ni nyekundu, manjano, buluu na nyeusi. Upande mpya ni kahawia, nyeusi, kijivu na buluu. Kwenye umeme wa fezi tatu, buluu ya zamani ilibeba moto na nyeusi ikawa nyutro. Sasa buluu ndiyo nyutro, na nyeusi ndiyo yenye moto. Fundi kijana aliyesomea rangi mpya akiishika buluu ya zamani bila kuipima, amekamata volti 240.

Mageuzi hayo yalitufikia kutoka Uingereza, nchi iliyochapisha kanuni zake za kwanza za nyaya mwaka 1882. Kenya ilirithi mtindo wake wa nyaya pamoja na soketi ya pini tatu bapa tunayoitumia hadi leo. Uingereza iliruhusu rangi za Ulaya katika nyaya za majumbani mwaka 2004, kisha ikazifanya lazima kwa kazi mpya mwaka 2006. Hakuna aliyeamriwa kuzing'oa za zamani, na ndiyo maana mifumo miwili ya rangi inaishi nyumba moja.

Fyuzi za kauri nazo zimeipisha breka, afadhali. Ile ya zamani ikikatika, watu waliifunga kwa uzi wowote wa shaba uliopatikana, na hapo kinga ikawa imekwisha.

Linalonitisha zaidi huku pwani ni athi, njia ya kuupeleka ardhini umeme uliovuja. Zamani waya wake ulifungwa kwenye bomba la chuma la maji, ukazama nalo ardhini. Hewa ya chumvi na kutu vikalila bomba, mwenye nyumba akaweka la plastiki. Maji yanatoka vizuri, taa zinawaka, hita ya kuogea inachemka. Lakini athi haipo tena, na hakuna swichi itakayokuambia. Kuchimbia fimbo mpya nako kuna kazi yake, maana chini ya udongo mwembamba kuna jiwe la matumbawe, kavu, lisilopitisha umeme vyema. Fundi makini hupima kwanza ndipo aondoke.

Mwaka 2015 mradi wa Last Mile uliposhusha ada ya kuunganishiwa umeme kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, nyumba nyingi za udongo zilifikiwa kwa kibao kidogo chenye soketi, taa na breka. Kibao chenyewe ni salama. Hatari ni waya mwembamba unaochomolewa hapo, ukapitishwa juu ya makuti hadi jikoni na kwa jirani.

Sheria ya Kawi ya 2019 inataka kazi hii ifanywe na mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi, na cheti cha kukamilisha kazi hutangulia mita. Mita ikishawaka, ni nadra mtu kurudi kukagua nyumba ya mwananchi. Kwa hiyo ukaguzi ni wako, mwenye nyumba wa Ukunda, Msambweni au Kwale mjini. Kabla ya kuongeza pampu au kiyoyozi, mwombe fundi akuonyeshe leseni, kisha umtake aipime athi ukiwa umesimama hapo hapo.